Kutengeneza mudibodi kwa picha za akili mnemba: mfano wa chumba cha wageni Mji Mkongwe

Mteja akikwambia "nataka chumba chenye asili ya Zanzibar lakini cha kisasa", bado hajakupa kitu ambacho fundi anaweza kukijenga. Mudibodi, yaani ubao wa picha, rangi na sampuli za chumba kinachokusudiwa, inamsaidia akuonyeshe anachokitaka kabla hela haijaanza kutoka. Siku hizi programu za akili mnemba kama ChatGPT, Gemini na Midjourney zinakutolea picha za chumba ambacho hakipo popote, kwa dakika chache. Tatizo ni kwamba programu hizi hazizijui vizuri nyumba za pwani yetu, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni namna ya kuzielekeza.

Mfano wetu ni chumba cha kulala katika nyumba ya zamani ya mawe, Mji Mkongwe, Unguja, inayogeuzwa kuwa nyumba ya wageni.

Hatua ya 1: Mhoji mteja, ukague chumba

Usifungue programu yoyote bado. Andika nani atalala humo, mwanga unaingia saa ngapi na kwa dirisha lipi, kipi hakiondolewi, bajeti ni kiasi gani. Pima. Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba kwa sababu dari limebebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazivuki nafasi kubwa. Mara nyingi upana haufiki mita 3. Mudibodi iliyojaa picha za kumbi pana haitakusaidia hapa hata kama ni nzuri namna gani.

Halafu chagua maneno matatu ya kukuongoza. Mimi kwa chumba hiki ningechukua: baridi, chokaa, utulivu.

Hatua ya 2: Eleza umbo la kitu, usitaje mtindo

Hapa ndipo penye kazi. Ukiandika "chumba cha kulala cha mtindo wa Kiswahili", mara nyingi utaletewa Morocco: matao ya kiatu cha farasi, vigae vya rangi ukutani, taa za shaba zenye matundu. Au utaletewa hoteli ya mbugani yenye paa la makuti. Programu imefunzwa kwa picha zilizojaa kwenye intaneti, na za Marrakesh ni nyingi kuliko za Lamu au Unguja.

Dawa yake ni kukieleza kila kitu kana kwamba unamwelekeza fundi ambaye hajawahi kufika pwani. Usiandike "zidaka", andika "safu za vishimo vya mstatili ndani ya ukuta". Fuata mpangilio huu: umbo la chumba, kuta na dari, vitu, mwanga, kisha kamera inatazama kutoka wapi. Haya ndiyo maelezo yangu kamili:

"Chumba cha kulala chembamba na kirefu, dari liko juu sana. Kuta nene zilizopakwa chokaa nyeupe, uso wake una mawimbi madogo, kona zimeviringika. Darini kuna boriti za miti ya duara zilizopangwa karibu karibu, kahawia iliyokolea. Ukuta wa mwisho una safu tatu za vishimo vya mstatili vyenye bakuli za kauri. Kitanda cha mbao nyeusi chenye nguzo nne, chandarua cheupe kimefungwa kwenye nguzo. Sakafuni mkeka wa kusuka wenye mistari myekundu. Mwanga wa asubuhi unaingia kwa dirisha moja la kushoto. Picha ya kamera, imepigwa kutoka mlangoni, hakuna watu."

ChatGPT na Gemini zinaelewa Kiswahili, kwa hiyo unaweza kuyabandika hivi hivi. Kwa Midjourney yageuze kuwa Kiingereza. Usipoteze muda kuandika mita. Programu hazifuati vipimo, zinafuata maneno kama "chembamba" na "kirefu".

Usiandike jina la mbunifu aliye hai ili upate mkono wake. Kazi ile ni yake, na mteja amekulipa wewe.

Hatua ya 3: Badilisha kitu kimoja kwa wakati

Picha ya kwanza ikikaribia, usiandike maelezo mapya yote. Sema: "Acha kila kitu kama kilivyo, badilisha mkeka tu uwe wa rangi ya ukili mtupu." Ukibadilisha vitu vinne kwa pamoja hutajua kipi kimeharibu picha.

Ukishapata picha moja yenye mwanga na rangi unazozitaka, ifanye kielelezo cha nyingine zote. Kwenye Midjourney tumia alama ya --sref pamoja na picha hiyo. Kwenye ChatGPT au Gemini ipakie na uombe mwanga na rangi zile zile. Kisha omba picha za karibu: kipande cha ukuta, nguzo ya kitanda, kona yenye mtungi. Picha hizi za karibu ndizo mteja anazozishika zaidi, kwa sababu anaona kitu anachoweza kukigusa.

Hatua ya 4: Chuja kwa jicho la fundi

Kwa kila picha jiulize: kitu hiki nani atakitengeneza, na ukuta utakikubali? Programu hupenda kuta za saruji ya kijivu iliyosuguliwa. Zinavutia, lakini kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa. Hunyonya unyevu na kuutoa. Ukizifunika kwa saruji, unyevu unakwama ndani, lipu inabanduka na ukuta unaanza kuharibika. Picha kama hiyo ifute kabla mteja hajaiona, maana akishaipenda utakuwa na kazi ya kumtoa hapo. Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo hata madirisha usimwonyeshe kitu ambacho hakitapewa kibali.

Angalia pia nguzo zisizofika chini, nakshi za mlango zisizo na mpangilio na maandishi yasiyosomeka.

Hatua ya 5: Panga ubao

Fungua Canva, programu ya kupanga picha na maandishi, ukubwa wa A3 ulale. Picha tisa zinatosha: moja kubwa ya chumba kizima, zilizobaki za karibu. Weka rangi tano na namba zake za kompyuta, kwa mfano chokaa #F1EADB na mbao #3B2A20, lakini usinunue rangi kwa kutazama skrini. Paka sampuli ukutani na uitazame asubuhi na jioni.

Pembeni ongeza picha ulizopiga mwenyewe kwa simu: ukili halisi, mbao kutoka kwa seremala, kitambaa cha dukani. Chini ya kila picha ya programu andika "akili mnemba", na chini ya kila picha halisi andika bei na kinakopatikana.

Hatua ya 6: Kaa na mteja

Mpelekee mudibodi mbili zinazotofautiana kweli. Chapisha kwenye karatasi ukiweza, kwa sababu kwenye WhatsApp atazitazama juu juu. Mpe kalamu aweke alama kwenye anachokitaka na akate asichokitaka, kisha muulize sababu ya kila alama na uiandike pale pale. Akishasaini ubao mmoja, acha kuzalisha picha mpya na uanze michoro ya vipimo.