Jinsi ya kufuatilia ndege zinazotua kwenye njia mbili sambamba

JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, ina njia moja tu ya kurukia, 06/24, kwa hiyo anayesomea uongozaji wa ndege hapa Embakasi huifanya kazi hii kwenye simuleta. Ifanye kwa uzito uleule. Taratibu ni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, pale njia zinapotumika bila kutegemeana.

1. Kabla ndege hazijashika lokalaiza, yaani mawimbi ya redio yanayoonyesha mstari wa katikati wa njia, zitenganishe kwa futi 1,000 kwa mwinuko au maili 3 za baharini. Pembe ya kuingilia isizidi digrii 30. Ikizidi, ndege hupitiliza mstari na kuelekea kwa jirani yake.

2. Kati ya njia hizo mbili pana ukanda usioingiliwa, wenye upana wa angalau mita 610. Hakikisha umechorwa kwenye skrini. Kila njia iwe na mfuatiliaji wake, anayeweza kuikatiza sauti ya mnara. Jaribu swichi ya kukatiza kabla ya zamu.

3. Jua una sekunde ngapi. Chukua njia zilizoachana mita 1,035, umbali mdogo kabisa unaoruhusiwa. Kutoka mstari wa katikati hadi ukingo wa ukanda ni kama mita 212. Nairobi iko juu, zaidi ya futi 5,300, na siku ya joto noti 140 kwenye kipimo cha rubani huwa karibu 155 hewani. Ndege iliyopinda digrii 30 inakula mita 40 kwa sekunde kwenda upande. Sekunde 5 tu, imeingia! Rada inayozunguka kila sekunde 5 itakuonyesha mambo yakiwa yameshaharibika. Ndiyo maana kwa umbali huu hudaiwa rada inayosasisha kila sekunde 2.5 au chini.

4. Ndege ikianza kuchepuka, mwamuru rubani arudi kwenye lokalaiza. Ikiingia ukandani, usizidi kumbembeleza: huenda hakusikii, au mitambo imemgomea. Mwokoe jirani, ambaye hana kosa lolote. Mchepukaji akitokea kulia: "Geuka kushoto mara moja, mwelekeo 030, kukwepa ndege, panda futi 9,000." Wanafunzi wengi hukwama hapa, kwa kuwa macho hung'ang'ania aliyekosea. Jirani akiwa chini ya futi 400 juu ya kizingiti cha njia, yaani mwanzo wa sehemu ya kutua, usimpe mwelekeo.

5. Endelea hadi ndege itue, au mnara uchukue utenganishaji wa kuona kwa macho. Ikighairi kutua, ifuatilie angalau maili 1 ya baharini kupita mwisho wa njia, na usiiachie kabla utengano haujapatikana.