Somo: Tuichore sindano ya Salmonella

Andaa karatasi, penseli na rula. Milimita 1 kwenye karatasi ni nanomita 1. Tunachora mfumo wa utoaji protini wa aina ya tatu, uitwao pia sindano, ambao bakteria Salmonella huutumia kupenyeza protini zake ndani ya seli za utumbo. Hadubini ya elektroni iliuonyesha mwaka 1998.

Hatua ya 1. Piga mistari miwili ya mlalo iliyoachana sentimita 2.5 hivi: wa chini ni utando wa ndani wa bakteria, wa juu utando wa nje.

Hatua ya 2. Kwenye utando wa ndani weka pete za protini PrgH na PrgK, nakala 24 kila moja. Kwenye utando wa nje weka pipa la InvG, nakala 15 hivi. Ndiyo, hesabu hazilingani, na bado zinashikana.

Hatua ya 3. Sindano yenyewe. Ipandishe sentimita 6 juu ya utando wa nje, unene milimita 8, tundu la katikati milimita 2.5. Ukuta wake ni protini moja tu, PrgI, iliyojipanga kwa mzunguko kama ngazi za mnara. Sasa litazame hilo tundu. Wengi huchora vidonge vya protini vikipita humo, haiwezekani. Protini iliyokunjamana haipenyi, lazima ifumuliwe ipite kama uzi.

Hatua ya 4. Nchani weka protini SipD, nakala 5. Sindano haitoboi seli: SipB na SipC ndizo zinazofungua tundu kwenye utando wake.

Hatua ya 5. Chini kabisa, ndani ya bakteria, weka InvC, nakala 6. Hutumia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kuzipokea na kuzifumua protini.

MASWALI

– Mwalimu, kile cha kusukumia kwa kidole gumba kiko wapi?
– Hakipo. Ndiyo maana jina "sindano" linanikera kidogo. Nguvu inatoka kwa ATP na msukumo wa protoni zinazopita kwenye utando wa ndani.

– Sindano iko nje, sasa inajengwaje?
– PrgI hupanda kupitia tundu hilohilo na kujipachika nchani. Kwa hiyo hurefukia juu, si chini. Protini InvJ ndiyo inayodhibiti urefu. Ikikosekana, sindano huzidi kipimo.

– Yangu imetoka nje ya karatasi.
– Umesahau InvJ.