Njaa au Hofu: Kumwelewa Nyoka wa Kufugwa Kabla Hajauma

Mfugaji anayeumwa na nyoka wake kwa mara ya kwanza huuliza kama nyoka huyo ni mkali, ilhali swali la kuuliza ni jingine: je, aliuma kwa njaa au kwa hofu? Nyoka haweki kinyongo wala halipizi kisasi. Karibu kila anapouma, ama amedhani mkono ni chakula, ama ameuona kama adui aliyekuja kumla. Kwa nje mambo haya mawili yanafanana, kwa kuwa yote huishia kwenye meno, lakini dawa ya moja huwa sumu kwa jingine. Nyoka mwenye hofu anahitaji kuachwa, kupewa maficho na kuzoeshwa taratibu. Nyoka mwenye njaa anahitaji kuambiwa upesi na waziwazi kwamba kinachoingia kizimbani si chakula, na mtu anayemsogezea mkono polepole kwa huruma huku akisitasita ndiye anayefanana zaidi na panya.

Mwongozo huu unahusu nyoka wasio na sumu ambao hufugwa sana majumbani: chatu mdogo wa aina ya Python regius, boa (nyoka wanaobana windo kama chatu), nyoka wa aina ya Pantherophis guttatus (kwa Kiingereza corn snake) na jamaa zao wa kundi la Lampropeltis (kingsnake). Ni vyema kusema mapema kwamba nyoka mwenye sumu hafai kufugwa nyumbani, hata kama vitabu vinasema sumu yake ni hafifu. Mwaka 1957 Karl Patterson Schmidt, mtaalamu mashuhuri wa nyoka aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho la Chicago, aliumwa na mtoto wa ngole (Dispholidus typus), nyoka wa mitini mwenye sumu, alipokuwa akichunguza ni wa spishi gani. Alikaa akiandika dalili zake mwenyewe, na siku iliyofuata akafariki. Mwaka 1975 Robert Mertens, mtaalamu wa Ujerumani, aliuawa na nyoka mwembamba wa mitini mwenye sumu, wa jamii ya Thelotornis, aliyekuwa akimfuga. Aliishi siku 18 baada ya kuumwa. Hao walikuwa watu waliojua nyoka kuliko karibu kila mtu wa zama zao. Kwa hiyo usimchukue nyoka yeyote mpaka uwe na hakika ya spishi yake, tena hakika inayotoka kwa mtu anayeifahamu spishi hiyo, wala si kwa neno la muuzaji peke yake.

Kuuma kwa njaa

Nyoka hutambua chakula kwa harufu, kwa mwendo na, kwa baadhi yao, kwa joto. Ulimi wake wenye ncha mbili huokota chembe za harufu hewani na kuzipeleka kwenye kiungo cha kunusia kiitwacho cha Jacobson, kilicho juu ya kaakaa. Chatu wengi na baadhi ya boa wana vishimo midomoni vinavyohisi joto, na kwa vishimo hivyo mkono wa mtu ukiingia kizimbani jioni ni kitu chenye uvuguvugu kinachosogea mahali palipopoa, sawasawa kabisa na panya. Pantherophis hana vishimo hivyo, lakini pua yake inamtosha.

Niliyajua haya kwa kuyasoma, kisha nikaumwa kwa kuyapuuza. Jioni moja nilikuwa nimeyeyusha panya aliyegandishwa katika maji ya uvuguvugu, nikamweka kando, nikakumbuka kwamba bakuli la maji la chatu wangu lilikuwa tupu. Nilifungua mlango na kuingiza mkono uleule. Alikuwa ametoa kichwa na shingo nje ya maficho yake, ulimi ukitoka na kurudi kwa haraka, na kichwa kilifuata vidole vyangu polepole kadiri nilivyosogea. Ishara zote zilikuwa mbele yangu. Aliruka, akashika nyama iliyo chini ya kidole gumba, na kabla sijavuta pumzi alikuwa ameshazungusha mizingo miwili kwenye kifundo cha mkono. Hakufoka hata kidogo, kwa sababu nyoka anayewinda hafoki.

Kinga ya kuumwa kwa njaa huanza kwenye sabuni. Nawa mikono kabla ya kufungua kizimba, hasa ukiwa umeshika panya, ndege, sungura au hata paka na mbwa wa nyumbani. Mpe chakula kwa kibano kirefu cha sentimita 30 au zaidi, si kwa vidole, na usimshike siku ya kula. Akishameza, mwache walau saa 48, maana kumsumbua mapema humfanya atapike, na kutapika kwa nyoka ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Windo lisizidi sana unene wa sehemu pana ya mwili wake, nalo liwe limekwisha kufa. Panya hai akiachwa na nyoka asiye na hamu ya kula anaweza kumjeruhi vibaya.

Kuna ushauri unaorudiwa sana kwamba nyoka alishwe katika boksi tofauti ili asiuhusishe mlango wa kizimba na chakula. Siukubali. Unamlazimu mfugaji kumbeba nyoka mara mbili katika saa mbaya kuliko zote: kabla, akiwa na njaa kali, na baada, akiwa bado amechangamkia windo na tumbo limejaa. Njia iliyo bora ni kumfundisha ishara. Kila unapotaka kumtoa kwa jambo lisilo chakula, mguse kwanza mwilini, katikati ya mgongo, kwa fimbo laini yenye ndoano au kwa karatasi iliyoviringishwa, na siku ya kumlisha usimguse kamwe kwa kifaa hicho. Ukishika utaratibu huo bila kukosa, baada ya majuma kadhaa utaona kichwa kilichokuwa kimeinuka kikishuka na ulimi ukipunguza kasi mara tu anapoguswa. Hapo mnyanyue bila kusita.

Kuuma kwa hofu

Nyoka mwenye hofu ana picha nyingine kabisa. Shingo hujikunja mfano wa herufi S, kichwa hurudi nyuma badala ya kusogea mbele, pumzi husikika kwa nguvu, na wengine hutikisa ncha ya mkia kwenye majani makavu mpaka itoe mlio. Chatu mdogo wa Python regius mara nyingi hachagui hata kimoja kati ya hivyo, bali hujikunja kuwa donge na kuficha kichwa katikati. Watu humsifu kwa upole, lakini donge hilo ni hofu, na anayelikunjua kwa vidole ili aone uso anajitafutia meno. Anapouma kwa hofu hugonga na kuachia palepale, mara nyingine akiwa amefumba kinywa, kwani lengo lake ni kukufukuza tu.

Nyoka aliyeletwa nyumbani aachwe siku saba hivi bila kushikwa, na kuanza kumshika kusubiri mpaka awe amekula mara mbili au tatu bila tatizo. Awe na maficho mawili ya kumbana mwili vizuri, moja upande wa joto na jingine upande uliopoa, ili asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Watoto wa nyoka huuma zaidi kuliko wakubwa, na wana sababu: kwao kila kitu kinaweza kuwameza.

Mkono uingie kutoka ubavuni, usishuke kutoka juu, kwa sababu mwewe hushuka kutoka juu. Mnyanyue kwa kushika katikati ya mwili, kisha umpe mkono wa pili wa kumtegemeza, na umwache apite kati ya mikono yako kana kwamba anapita matawini. Usimkamate kichwa wala kumning'iniza kwa mkia. Dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa juma, zinatosha kwa mwanzo, na ni vizuri umrudishe angali ametulia. Asisogezwe usoni pa mtu, na asivikwe shingoni hata kama ni mdogo.

Zipo siku ambazo hata nyoka mpole hatakiwi kushikwa. Anapokaribia kujivua gamba macho hugeuka rangi ya buluu yenye ukungu na haoni vizuri, kwa hiyo kila kinachomgusa humshtua. Hali hiyo pamoja na kujivua kwenyewe huchukua takriban juma moja hadi mawili. Jike mwenye mayai naye aachwe. Na nyoka aliyekuwa mtulivu kwa miaka akianza ghafla kuuma, usitafute tabia, tafuta ugonjwa: utitiri chini ya magamba ya kidevu na pembeni mwa macho, usaha kinywani, alama za kuungua kwa taa isiyo na kinga, au kipimajoto kinachoonyesha kizimba kimezidi joto. Katika jambo hili wafugaji wengi huwaonea wanyama wao, wakiwaita wakaidi kumbe wana maumivu.

Chatu au boa aliyepita mita mbili na nusu asishikwe na mtu mmoja peke yake, na asilishwe na mtu aliye peke yake nyumbani. Meno si hatari kubwa ya nyoka wa kimo hicho. Hatari ni mizingo.

Akishauma

Silika ya kila mtu ni kuvuta mkono, na ndiyo inayoleta jeraha kubwa. Meno ya chatu na boa yamepinda kuelekea kooni, kwa hiyo ukivuta unajichana mwenyewe na kumng'oa nyoka meno yanayoweza kubaki ndani ya nyama. Aliyeuma kwa hofu ameshaachia kabla hujawaza. Aliyeshikilia ni yule mwenye njaa, naye anasubiri kuhisi kwamba windo limekufa, hivyo tulia usimpe sababu ya kubana zaidi. Mtegemeze mwili usining'inie, kisha upeleke mkono na kichwa chake chini ya bomba la maji baridi. Wengi huachia hapo; wangu alichukua dakika chache zilizoonekana ndefu sana. Asipoachia, tone dogo la spiriti pembeni mwa kinywa huwa linatosha, ingawa linamuunguza utando wa ndani na lisiwe la kukimbilia. Mizingo ifunguliwe kuanzia mkiani. Moto, maji ya moto na kumpiga kichwani havifai kabisa.

Jeraha huwa ni mistari ya vitundu vidogo vinavyotoa damu nyingi kuliko maumivu yake. Lioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kadhaa, libane kwa kitambaa safi, kisha ulipapase kuona kama kuna ncha ya jino iliyobaki. Kinywa cha nyoka na kinyesi chake hubeba bakteria, pamoja na Salmonella, na hii ndiyo sababu watoto walio chini ya miaka mitano wasishike nyoka wala vyombo vyake. Nenda kwa daktari ikiwa umeumwa karibu na jicho au kwenye maungio ya mifupa, ikiwa chanjo yako ya pepopunda imepitwa na wakati, au ikiwa siku zinazofuata sehemu hiyo itakuwa nyekundu, ya moto na yenye kuvimba. Na ikiwa kuna shaka yoyote kwamba nyoka ana sumu, usikate, usinyonye wala usifunge kamba: vua pete na saa, tuliza kiungo kilichoumwa kisitikisike, piga picha ya nyoka kama inawezekana kwa umbali salama, na uende hospitali mara moja hata kama hujisikii vibaya. Schmidt naye, asubuhi ya siku aliyofariki, alijiona yuko nafuu.

Nyoka mwenyewe mrudishe kizimbani bila kumwadhibu, kwa kuwa hataweza kuhusisha adhabu na alichofanya. Mkague kinywa siku hiyohiyo kama kina damu au jino lililolegea. Mpumzishe siku tatu hadi tano, umlishe kwa kibano kama kawaida, zipite saa 48, kisha urudi kwake mchana akiwa ametulia, ukiwa umenawa, na kifaa kile cha kumgusa kitangulie mkono wako.