Namna ya Kumfundisha Mwanafunzi wa Mbeya Jinsi Gesi Inavyotolewa Chini ya Bahari

Kabla ya kufundisha jambo lolote jipya, ondoa kwanza kosa moja. Mwanafunzi wa Uyole, Tukuyu au Mafinga akisikia neno gesi hufikiria mtungi ulio jikoni kwao, na wengi huamini kwamba mtungi ule ulijazwa Songo Songo, kisiwa cha gesi asilia mkoani Lindi. Haukujazwa huko. Gesi ya mtungi ni propani na butani, ambazo huingia nchini kwa meli, ilhali gesi asilia ya Lindi na Mtwara karibu yote ni methani, na sehemu yake kubwa husafirishwa kwa bomba ili kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Usipolisema hili mapema, utalijibu kila kipindi.

Kosa la pili ni lile la kudhani kwamba chini ya bahari kuna shimo kubwa lililojaa gesi. Hapa maneno hayatoshi. Leta tofali la kuchoma, kavu kabisa, lipime kwenye mizani, kisha lizamishe katika ndoo ya maji. Povu jembamba litapanda kutoka pande zote, na baada ya nusu saa tofali litakuwa zito zaidi ingawa umbo lake halikubadilika. (Tofali bichi halifai, kwani litakuachia ndoo ya tope.) Waeleze kwamba gesi hukaa hivyo hivyo, ndani ya vitundu vidogo vya mwamba wa mchanga, na kwamba haibaki humo pasipo kifuniko. Finyanga kibakuli cha udongo mbichi, wa aina ile wanayotumia wafinyanzi wa Kikisi kule Matema, utie maji ndani, nao wataona kuwa maji hayapiti upesi. Tabaka la udongo wa mfinyanzi juu ya mwamba wa mchanga ndilo linaloizuia gesi isipande.

Sasa uliza: mwamba huo utaonekanaje, ikiwa uko chini ya maji yenye kina cha mita 2,500? Ziwa Nyasa lenyewe, ambalo wanafunzi wa Kyela hulitazama kwa hofu, lina kina cha mita 700 hivi. Jibu liko kwenye simtanki la shule. Mwite mwanafunzi aligonge kuanzia juu kwenda chini, naye atatambua kwa sikio pale maji yanapoanzia. Meli ya utafiti hufanya kazi ya namna hiyo: huvuta mitambo inayofyatua hewa iliyoshindiliwa, na nyuma yake huburuta nyaya za kilomita kadhaa zenye vinasa sauti. Sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, hivyo mwangwi wa sakafu ya bahari hurudi baada ya sekunde 3 na kitu, na miangwi ya matabaka ya chini zaidi hufuata. Wanafunzi wafanye hesabu hiyo wenyewe. Sisitiza kwamba mitetemo huonyesha mahali ambapo gesi ingeweza kukaa. Kuthibitisha kwamba imo ni kazi ya kisima.

Habari za vitalu (maeneo ya bahari yaliyogawiwa kwa utafutaji), leseni na mikataba kati ya kampuni na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania zitoshe kwa dakika chache, kwa sababu mahali panapostahili muda wako ni kwenye uchorongaji, yaani utoboaji wa kisima. Katika kina kirefu hakuna nguzo inayofika chini. Meli ya kuchoronga hubaki mahali pake kwa kusukumwa na mapangaboi yanayoongozwa na setilaiti. Bomba huteremka hadi sakafuni, na kisima hujengwa kama eriali ya redio iliyovutwa: bomba la chuma pana juu, jembamba zaidi ndani yake, kisha jembamba zaidi tena, kila moja likishikwa kwa saruji kabla ya kuendelea.

Kwa habari ya mgandamizo, tikisa chupa ya soda, kisha fungua kifuniko polepole huku ukikibana kwa kidole gumba. Kidole hicho, kisimani, ni tope maalumu linalosukumwa chini kupitia bomba la kuchorongea na kurudi juu likiwa limebeba vipande vya mwamba. Likiwa jepesi mno, gesi huingia kisimani. Likiwa zito mno, mwamba hupasuka na tope hupotelea humo. Ndiyo maana uzito wake hupimwa mchana na usiku. Tope likishindwa, hubaki mtambo mzito wa vali ulioketi juu ya kisima, wenye uwezo wa kukata bomba na kuziba. Tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Mexico, saruji na mtambo huo vyote vilishindwa kwenye kisima kimoja. Watu 11 walikufa, na mafuta yakavuja kwa siku 87.

Kupata gesi hakumaanishi kuiuza. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, lakini ilianza kuzalishwa kibiashara mwaka 2004, tena hiyo ni ya kisiwani na maji ya kina kifupi. Ya kina kirefu iligunduliwa kuanzia mwaka 2010. Wape majina ya maeneo hayo, maana hawatayasahau: Pweza, Chewa, Jodari, kisha Zafarani, Tangawizi na Mdalasini, kana kwamba ramani ilichorwa na mpishi wa pwani.

Katika uzalishaji wa kina kirefu, vali na mabomba huweza kulazwa sakafuni mwa bahari na kuongozwa kutoka nchi kavu. Adui mkubwa huko ni barafu ya ajabu, inayotokana na maji na gesi kushikamana chini ya mgandamizo mkubwa. Mkulima wa chai wa Mufindi anaijua barafu ya alfajiri ya majira ya baridi, lakini hii huganda hata joto likiwa nyuzi kadhaa juu ya sifuri, na huweza kuziba bomba zima. Kwa hiyo gesi huchanganywa na glaikoli, jamii ya kemikali iliyomo kwenye maji ya rejeta.

Malizia kwa hesabu. Gesi ikipozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri huwa kimiminika, na ujazo wake hupungua takriban mara 600. Huo ndio mpango wa mtambo unaokusudiwa kujengwa Likong'o, Lindi. Wanafunzi wapime darasa lao kwa futi kamba. Lenye urefu wa mita 9, upana wa 7 na kimo cha 3 lina mita za ujazo 189, na gesi yote ya kulijaza itakuwa lita 315 tu, yaani pipa moja na nusu hivi.