Kuziba jino la mzee bila kuling'oa

Jamani, si kila jino bovu ni la kung'oa. Mzee akilalamika jino linamuuma akitafuna muwa au akinywa chai ya moto, mpeleke kliniki ya meno mapema, Kampala ziko, hata Arua ziko, na ataje dawa zote anazomeza, hasa zile za kuzuia damu kuganda (asiziache mwenyewe lakini!). Daktari anakwangua sehemu iliyooza kisha anachagua cha kuzibia. Kompositi, yaani kizibio cha aina ya plastiki ngumu, inafanana na rangi ya jino ila inataka pakavu kabisa, mate yakiingia tu haishiki vizuri, ndo maana wanaweka pamba, wanapaka asidi, wanasuuza, wanakausha, wanapaka gundi, alafu wanajaza kidogo kidogo, kama milimita 2 hivi, kila tabaka linamulikwa na taa ya bluu. Kwa mizizi iliyoachwa wazi na fizi, mi naona glasi ayonoma, kizibio kingine kama saruji, ndo poa kwa wazee, inavumilia unyevu kiasi na inatoa floraidi, madini ya kuimarisha jino. Mwisho mzee anauma karatasi ya rangi kuonyesha palipozidi, akihisi jino liko juu asione aibu, aseme lisagwe palepale. Ganzi isipoisha, posho (ugali) ya moto isubiri.