Kabla mtoto hajaongezewa damu tena: mambo ya kuzingatia kuhusu virusi

Mtoto mwenye selimundu au thalasemia, magonjwa ya kurithi ya chembe nyekundu za damu, huweza kupokea damu ya watu wengi kabla hajawa mtu mzima. Damu iliyopimwa vizuri ni salama sana, na kumnyima kwa kuogopa virusi ni hatari kubwa zaidi. Ila vipimo vina mwanya: mchangiaji aliyeambukizwa siku chache tu zilizopita anaweza kuonekana hana kitu, kumbe virusi vimo. Kwa hiyo mzazi naye ana kazi yake.

Kinachosahaulika zaidi, kwa maoni yangu, ni kipimo cha mwanzo. Kabla ya damu ya kwanza, mtoto apimwe homa ya ini B na C pamoja na VVU. Bila majibu hayo, maambukizi yakigundulika baadaye itakuwa vigumu kujua yalianza lini. Kama ameshaanza kuongezewa, apimwe sasa, kisha kila mwaka. Homa ya ini C hukaa miaka mingi bila dalili, na ini lililokwisha kulemewa na madini ya chuma ya damu anayoongezewa huharibika upesi zaidi. Siku hizi ugonjwa huo hutibika kwa dawa za kumeza, mara nyingi kwa wiki 8 hadi 12, hata kwa watoto wa miaka 3.

Homa ya ini B ina chanjo. Hakikisha dozi zote zimekamilika, na muulize daktari kama kinga inaweza kupimwa, maana wapo wanaochanjwa kinga isishike.

Weka daftari. Kila anapoongezewa andika tarehe, kundi la damu na namba iliyo kwenye lebo ya mfuko. Ichukue kabla mfuko haujatupwa. Mchangiaji akija kukutwa na virusi baadaye, namba hiyo ndiyo itakayoonyesha kama mtoto wako alipata damu yake.

Usimlazimishe ndugu kuchangia. Anayeona aibu kukataa anaweza kuficha mambo ambayo mchangiaji wa hiari angeyasema.

Kuna pia kirusi kiitwacho parvovairasi B19, ambacho hupatikana hata kwa kikohozi cha mwenzake shuleni. Husimamisha kwa siku kadhaa utengenezaji wa chembe nyekundu. Mtoto akipauka ghafla, akalegea na kuhema haraka, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, daftari mkononi.