Ukienda Bucharest, beba pasipoti yenyewe

Kama utapita Bucharest na unataka kuliona Jengo la Bunge la Romania kwa ndani, usiache pasipoti hotelini. Getini wanakagua mizigo kama uwanja wa ndege, na picha ya pasipoti kwenye simu usiitegemee. Huruhusiwi kuzunguka peke yako; unaingia na kundi na mwongozaji, kwa hiyo piga simu siku moja kabla uweke nafasi. Treni ya chini ya ardhi inakushusha kituo cha Izvor, halafu unatembea. Vaa viatu vya kutembelea: kumbi ni ndefu, ngazi ni nyingi, na utakachoonyeshwa ni kipande kidogo tu cha jengo lenye mita za mraba 365,000 hivi.

Marumaru, mbao na fuwele vitakuvutia, karibu vyote ni vya Romania kwenyewe. Lakini muulize mwongozaji kuhusu mtaa wa Uranus. Nicolae Ceaușescu, dikteta wa kikomunisti aliyeitawala Romania, aliubomoa ili apate kiwanja, ujenzi ukaanza 1984, na maelfu ya familia wakahamishwa makwao. Yeye mwenyewe aliuawa Desemba 1989 jengo likiwa bado halijakamilika.

Ukitoka, tafuta kanisa la Mihai Vodă, haliko mbali. Mwaka 1985 lilisukumwa zima juu ya reli, karibu mita 290, likanusurika kubomolewa. Sasa limebanwa nyuma ya maghorofa. Mimi hapo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi.